Ndizi Ukutani, Sofi Sokoni: Kuyaelewa Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa

Kwenye kijiwe cha kahawa ninapokaa jioni hapa Ujiji, mjadala uliowaka Novemba 2024 haujazimika mpaka leo, nao ni mjadala wa ndizi. Habari ilitufikia kwa simu, kama zinavyotufikia habari zote siku hizi: picha ya ndizi moja mbivu iliyobandikwa ukutani kwa kipande cha solotepu pana ya rangi ya fedha, na maneno chini yake kwamba ndizi hiyo imeuzwa katika mnada wa Sotheby's mjini New York kwa dola za Marekani milioni 6.2. Siku chache baadaye ikafuata video ya mnunuzi, mfanyabiashara wa sarafu za kidijitali, akiila mbele ya waandishi wa habari. Mzee mmoja aliyeuza migebuka maisha yake yote aliirudisha simu kwa mwenyewe, akanywa funda moja la kahawa, akasema kwamba wako watu ambao fedha zimewachosha. Mwingine akasema huo ni utakatishaji wa fedha. Wa tatu, ambaye kwa kawaida hukubaliana na kila mtu, alisema huenda ndizi ile ina dawa.

Jambo hilo ningeliacha palepale kijiweni kama mpwa wangu anayesoma Cape Town asingeniandikia majuma machache baadaye. Wenzake walikuwa wamempeleka Zeitz MOCAA, makumbusho ya sanaa ya Kiafrika yaliyofunguliwa mwaka 2017 ndani ya maghala ya zamani ya nafaka karibu na bandari, akazunguka saa mbili nzima, akatoka na maumivu ya miguu. "Mjomba," aliandika, "nimeona vitu vingi lakini sijui nimeona nini." Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, si msanii, lakini nimewahi kuingia katika nyumba za namna hiyo mara tatu, na mara ya kwanza nilitoka nikiwa katika hali ileile. Makala haya ni jibu nililomwandikia, nikiwa nimelipanua kwa ajili ya wenzangu wa kijiweni.

Sehemu kubwa ya mkanganyiko, kwa maoni yangu, haianzii kwenye ndizi. Inaanzia kwenye maneno mawili ya Kiswahili ambayo tumeyatwika mizigo mingi mno: "makumbusho" na "kisasa".

Tuanze na la kwanza. Makumbusho, kama neno lenyewe linavyosema, ni mahali pa kukumbushwa. Sisi wa Kigoma tumelijifunza neno hili kwenye Makumbusho ya Dk. Livingstone hapahapa Ujiji, ambako mgeni huonyeshwa miembe, mnara wa mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na sanamu za watu hao wawili. Ndugu zetu wa Tabora wamelijifunza Kwihara, kwenye nyumba ya tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Katika nyumba za aina hii kila kitu ni shahidi wa tukio lililotokea nje yake. Hakuna anayesimama mbele ya sanamu za Ujiji na kuuliza kama aliyezitengeneza alikuwa fundi hodari au la, kwa sababu sanamu zile zimewekwa ili zitukumbushe siku fulani, na msimamizi akishasimulia habari za siku hiyo, kazi ya sanamu imekwisha.

Makumbusho ya sanaa hayafanyi kazi hiyo. Humo kitu hakishuhudii tukio la mahali pengine. Tukio ni kukutana kwako na kitu chenyewe. Mgeni anayeingia akisubiri msimamizi wa kumsimulia yaliyotokea atasubiri mpaka wakati wa kufunga. Mpwa wangu alikwenda Zeitz MOCAA kwa macho ya Ujiji, akawa anatafuta katika kila chumba "historia ya hiki kitu", na alipoikosa akadhani kosa ni lake.

Kitu kimoja kinaweza kubadilika kwa kuhamishwa tu kutoka aina moja ya nyumba hadi nyingine. Makumbusho ya Metropolitan ya New York yana kiti cha heshima cha Wanyamwezi chenye egemeo refu, cha mti mmoja uliochongwa. Kiti kama hicho kikiwekwa Tabora pamoja na picha za watemi na tarehe za utawala wao, mtazamaji atauliza nani alikikalia. Kikiwekwa peke yake ndani ya kioo chini ya taa, mtazamaji huyohuyo ataanza kutazama jinsi egemeo linavyoinuka na jinsi miguu inavyobeba uzito. Swali la kwanza ni la historia, la pili ni la sanaa, na yote mawili ni halali. (Liko swali la tatu, la jinsi viti vya namna hiyo vilivyofika huko, nalo linastahili makala yake.)

Sasa neno "kisasa". Waingereza wana maneno mawili pale ambapo sisi tunatumia moja, na wageni wengi wa makumbusho haya hupotea hapo. La kwanza linahusu sanaa ya kipindi kilichokwisha, takriban kuanzia miaka ya 1860 hadi miaka ya 1960, ambapo wachoraji na wachongaji walivunja makusudi kanuni za kale za kuigiza maumbile. Wahakiki wetu wa fasihi huuita mwelekeo huo "usasa", nami nitawafuata: hiyo ni sanaa ya usasa. La pili linahusu sanaa inayotengenezwa katika zama zetu, na watu ambao wengi wao bado wako hai, wanapiga simu na kulipa kodi za nyumba. Hiyo nitaiita sanaa ya leo. Makumbusho mengi makubwa huonyesha zote mbili, kwa mfano MoMA ya New York iliyoanzishwa mwaka 1929, na Tate Modern ya London iliyofunguliwa mwaka 2000 ndani ya kituo cha zamani cha kufua umeme. Zeitz MOCAA imejikita kwenye sanaa ya leo.

Tofauti hii si ya kielimu tu. Pablo Picasso alichora picha yake ya wanawake watano, ambayo sasa iko MoMA, mwaka 1907, nayo reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Picha hiyo ya "kisasa" ilikuwa na umri wa miaka saba behewa la kwanza lilipoingia hapa, na bado kuna watu wanaoikasirikia kana kwamba imechorwa juzi.

Kwa nini wachoraji wa usasa waliacha kuchora vitu kama vilivyo? Sababu ni nyingi, lakini moja ni nyepesi kuieleza: kamera. Upigaji picha ulitangazwa hadharani mwaka 1839, na katika miaka iliyofuata kazi ya kutunza sura za watu ikawahama wachoraji kidogo kidogo. Fikirieni yaliyoipata barua baada ya simu. Zamani barua ilibeba kila kitu, msiba, mahari, bei ya mawese na salamu za jirani, na mwandishi mzuri alikuwa yule aliyefikisha habari bila kukosea. Simu ilipochukua habari, waliobaki wakiandika barua wakaandika kwa ajili ya jambo ambalo simu hailiwezi. Mchoraji aliyenyang'anywa kazi ya kufananisha alijikuta huru kuuliza rangi inaweza kufanya nini peke yake, au mstari, au pengo lililoachwa katikati. Walioifuata njia hiyo mpaka mwisho wake walitupa sanaa dhahania, yaani picha ambayo haikusudii kufanana na kitu chochote. Kazimir Malevich wa Urusi alionyesha mraba mweusi mtupu mwaka 1915. Hakuwa ameshindwa kuchora ng'ombe.

Kusema "hakuweza" ndilo kosa la kawaida zaidi, na lina binamu yake: "hata mwanangu angeweza". Picasso akiwa na umri wa miaka 15, mwaka 1897, alikamilisha picha kubwa ya mgonjwa kitandani, daktari akimpima mapigo na mtawa akiwa amempakata mtoto, iliyochorwa kwa ustadi ambao mwalimu yeyote wa wakati huo angeukubali. Aliyeacha kufananisha alikuwa mtu aliyekwisha kuweza kufananisha. Tena alipotafuta njia ya kutokea, moja ya sehemu alizoipatia ni makumbusho ya Trocadéro mjini Paris, ambako mwaka 1907 alitazama vinyago na sanamu za Afrika na Oseania. Wachongaji wa bara hili walikuwa wamejua kwa karne nyingi kwamba kichwa kinaweza kuwa theluthi ya mwili kama kichwa ndicho chenye maana, na kwamba jicho linaweza kuwa mwanya tu na bado likakutazama. Kwa hiyo mtu wa Kigoma anayesema "haya ni mambo ya Wazungu" mbele ya picha ya namna ile anawapa Wazungu zawadi isiyo yao yote.

Sitaki hata hivyo kudai kwamba mtu akielimika kila kitu humnyookea, kwa maana hata wenyewe hukosea. Mwaka 2022 msimamizi wa maonyesho katika makumbusho moja ya sanaa mjini Düsseldorf, Ujerumani, alieleza kwamba kazi ya Piet Mondrian ya mwaka 1941, iliyotengenezwa kwa mikanda ya gundi ya rangi, huenda ilikuwa imetundikwa juu chini. Ilikuwa hapo tangu mwaka 1980. Ushahidi mmojawapo ulikuwa picha ya kamera ya chumba cha kazi cha msanii, inayoonyesha mistari iliyobanana ikiwa upande wa juu. Waliamua kuiacha vilevile, kwa sababu mikanda imezeeka na ikigeuzwa inaweza kubanduka. Habari hiyo ilinifariji sana. Mtu anayeogopa kuonekana mshamba mbele ya picha dhahania akumbuke kwamba ile moja ilitazamwa na mabingwa kwa zaidi ya miaka arobaini.

Turudi kwenye ndizi, ambayo ni sanaa ya leo, ingawa ina babu katika usasa. Mwaka 1917 Marcel Duchamp, Mfaransa aliyekuwa akiishi New York, alichukua bakuli la kukojolea la kauri kama lile la vyoo vya wanaume, akalilaza, akaandika juu yake jina la kubuni "R. Mutt" na kulipeleka kwenye maonyesho ambayo waandaaji wake walikuwa wametangaza kwamba watapokea kazi ya msanii yeyote aliyelipa ada. Waandaaji hawakulionyesha. Bakuli lenyewe lilipotea, na yale mtakayoyaona leo kwenye makumbusho ni nakala alizoziidhinisha Duchamp baadaye. Swali lake lilikuwa dogo na bado halijajibiwa: ikiwa msanii amekichagua kitu badala ya kukitengeneza, amefanya sanaa au hakufanya?

Maurizio Cattelan wa Italia alilirudia swali hilo mwaka 2019 kwenye maonyesho ya biashara ya sanaa huko Miami. Kazi yake inaitwa Comedian, yaani Mchekeshaji, na tusisahau kwamba jina hilo ni onyo la mapema. Anayeinunua hanunui tunda. Ananunua hati ya uthibitisho na maelekezo ya kuitundika. Jumba la Guggenheim la New York, lililopewa nakala moja mwaka 2020, lilipokea pamoja nayo maelekezo ya kurasa 14: ndizi ikae sentimita 175 kutoka sakafuni, ibadilishwe kila baada ya siku saba hadi kumi. Ile ya mnada wa 2024 ilinunuliwa kwa mchuuzi wa matunda, mhamiaji kutoka Bangladesh, kwa senti 35 za Marekani.

Hapa ndipo mzee wetu wa migebuka alipouliza, kwa haki kabisa: kama ndizi inabadilishwa, basi kilichouzwa ni nini? Nilimjibu kwa kutumia ngoma. Ngozi ya ngoma ikipasuka, inawambwa nyingine, na hakuna anayesema ngoma ya ukoo imekufa, kwa sababu ngoma ni mpigo, ni zamu ya wapigaji, ni nani ana haki ya kuipiga na siku gani. Ngozi ni ya kuchakaa tu. Kazi nyingi za sanaa ya leo ziko hivyo: zinaishi kama maelekezo, na kile kinachoonekana ukutani ni mpigo wa mara moja.

Alikubali nusu. Kuhusu bei hakukubali, nami sikumlaumu, ila nilimkumbusha sofi. Katika karne ya 19 soko la Ujiji lilitumia kama fedha ushanga uitwao sofi, vipande vifupi vinavyofanana na mrija wa kiko uliovunjika. Ushanga ule haukulika, haukujenga nyumba wala haukupalilia shamba, lakini kwa sofi mtu alipata samaki, chumvi na mawese, kwa sababu waliokuwa sokoni walikubaliana hivyo, na makubaliano yalipohamia kwenye sarafu nyingine, sofi zikarudi kuwa shanga. Bei ya mnada wa sanaa iko katika ukoo huohuo. Inahitaji watu wawili tu wenye fedha nyingi wanaokitaka kitu kimoja usiku mmoja, na haipimi uzuri wala haipimi jasho. Tena haimfikii msanii kila wakati: katika mnada ule wa 2024 muuzaji alikuwa mmiliki wa awali, na Cattelan hakulipwa kitu.

Ulinganisho wangu wa sofi unaeleza bei na hauelezi ubora, na watu wengi huchanganya mambo haya mawili mpaka wanashindwa kutazama. Mnada ni soko, makumbusho ni jirani tu wa soko. Ukiniuliza maoni yangu, ndizi ya Cattelan ni mzaha mzuri lakini mwembamba, ambao ukishausikia mara moja umeumaliza. Ninaruhusiwa kusema hivyo, na mgeni yeyote anaruhusiwa. Kutopenda baada ya kutazama ni tofauti na kutopenda kabla ya kutazama.

Ipo kazi ambayo haijaniishia. El Anatsui, mzaliwa wa Ghana wa mwaka 1944 aliyefundisha miaka mingi Nsukka nchini Nigeria, hutengeneza mashuka makubwa kwa vifuniko na vipande vya alumini vya chupa za pombe kali. Yeye na wasaidizi wake huvipondaponda, huvikunja, huvitoboa na kuviunga kimoja kimoja kwa waya mwembamba wa shaba. Ukiwa mbali unaona nguo ya kifahari ya rangi ya dhahabu, nyekundu na nyeusi, yenye mikunjo kama kitenge kilichoanikwa kwenye kamba siku ya upepo. Unasogea. Nguo inaanza kuwa ngumu, inang'aa kwa namna isiyo ya nguo. Unasogea tena mpaka mlinzi anakukohoa, na sasa unasoma majina ya vinywaji kwenye vipande vidogo kuliko kidole gumba, na unaona ncha za waya zilizosokotwa na mkono wa mtu. Kisha ukirudi nyuma, huwezi tena kuiona kama nguo tupu.

Kazi hizo hazina umbo moja la kudumu, kwa kuwa msanii huwaachia watundikaji kupanga mikunjo, hivyo shuka moja likihamia mji mwingine huwa na sura nyingine. Mwaka 2023 alitundika mashuka makubwa mno katika ukumbi wa zamani wa mitambo wa Tate Modern. Hakuna kibao kilichohitajika kumwambia mtu wa Ujiji kwa nini vifuniko vya chupa. Pombe kali ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizotolewa ili kupata watu katika biashara ya utumwa ya pwani ya magharibi. Huku kwetu zilikuja shanga na nguo, na njia ya misafara iliyopitia Tabora kwenda Bagamoyo ilibeba pembe na watu. Alumini ile inasema jambo hilo bila kuchora mnyororo hata mmoja. Hiyo ndiyo maana ya kusema kwamba katika sanaa ya leo malighafi nayo huzungumza, na ndiyo sababu ya kuuliza kila mara: kwa nini ametumia hiki na si rangi?

Baada ya maelezo hayo mpwa wangu aliuliza la vitendo zaidi: akirudi, afanyeje? Nilimshauri kwanza asione yote. Utafiti uliofanywa Metropolitan na kuchapishwa mwaka 2001 ulikuta kwamba wageni walitumia wastani wa sekunde 27 mbele ya kazi moja, na humo umo muda wa kusoma kibao. Hakuna mtu anayemfahamu mtu mwingine kwa sekunde 27. Apite vyumba vyote haraka kama anayekagua soko kabla ya kununua, achague kazi nne au tano zilizomsimamisha kwa kumpendeza au kwa kumuudhi, kisha arudi akae mbele ya kila moja dakika kumi. Mabenchi yamewekwa kwa ajili hiyo.

Pili, atazame kabla ya kusoma. Kibao kidogo kando ya kazi kwa kawaida hutaja jina la msanii na mwaka wake wa kuzaliwa, jina la kazi, mwaka ilipotengenezwa, vitu vilivyotumika, na mahali ilipotoka, kama imenunuliwa, imetolewa zawadi au imeazimwa. Mstari wa vitu vilivyotumika ndio wenye faida kuliko yote, na ndio watu wanaouruka. Kibao kikisema "bila jina", si uzembe wa msanii. Amekataa kukupa kiongozi wa njia. Maelezo marefu yanayofuata chini yake, hasa yale yenye maneno mazito mfululizo, yanaweza kuachwa bila hasara kubwa. Mengi yameandikwa na wataalamu kwa ajili ya wataalamu wenzao, na Kiingereza chake humchosha hata Mwingereza.

Ataombwa kuacha begi kubwa na chupa ya maji mlangoni, na ataombwa asiguse. Watu huona katazo hili kama majivuno, hasa panapokuwa na kitu cha kawaida kama kamba au gunia. Watazame ukuta wa chokaa karibu na kitasa cha mlango wa nyumba zao: hakuna aliyeupaka uchafu kwa makusudi, lakini vidole vya watu sita kwa mwaka mmoja vimeuachia doa la mafuta na jasho. Makumbusho makubwa hupokea watu kwa mamilioni. Mwanga mkali nao hufifisha rangi na kuchosha karatasi, ndiyo maana baadhi ya vyumba vina giza kidogo na picha za simu zikiruhusiwa huwa bila mmweko.

Katika vyumba vya video asishangae kukuta filamu imekwisha kuanza. Mara nyingi huzunguka bila kukoma, na mgeni huingia na kutoka apendavyo, kama anayepita penye redio ya jirani. Na akikwama awaulize walinzi. Wao hukaa na kazi hizo siku nzima, wamezisikiliza familia elfu zikibishana mbele yake, na mlinzi mmoja aliwahi kunieleza mchongo fulani vizuri kuliko kitabu nilichokuwa nimekinunua.

Uvumi mwingine unaosemwa kijiweni ni kwamba nyumba hizi si za watu kama sisi. Mwaka 1960 MoMA ilinunua picha ya Sam Ntiro, Mchaga wa Machame aliyesomea uchoraji Makerere na London, na ambaye uhuru ulipopatikana akawa balozi wa Tanganyika nchini Uingereza. Picha hiyo ya mwaka 1956 inaonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Ndizi ya Kilimanjaro, kwa hiyo, iliitangulia ile ya Cattelan kuingia New York kwa karibu miaka sitini, tena haikuhitaji solotepu. Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru, aliyeanza mwaka 1968 kuchora wanyama na watu kwenye hadibodi kwa rangi za kupaka baiskeli na akafa mwaka 1972, alikuwa msanii wa zama zake kwa kila hali, ingawa sisi wenyewe tumeizoea mitindo yake kama zawadi za watalii mpaka tumeacha kuitazama. George Lilanga, aliyetokea kwenye uchongaji wa Kimakonde, alionyeshwa Ulaya na Marekani kabla hajafariki mwaka 2005. Na mwaka 2024 Tanzania iliweka banda lake la kwanza kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia.

Kutoka Kigoma kwenda kuyaona haya kwa macho si jambo dogo. Dar es Salaam yenyewe iko zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Anayekwenda huko kwa shughuli zake nyingine anaweza kutenga asubuhi moja kwa ajili ya Nafasi Art Space, iliyopo Mikocheni tangu mwaka 2008. Si makumbusho, bali ni mahali ambapo wasanii wana vyumba vya kufanyia kazi na ukumbi wa kuonyeshea, na kwa mgeni wa mara ya kwanza naona panafaa kuliko jumba kubwa la nchi za mbali. Duchamp hawezi tena kuulizwa kwa nini alilichagua bakuli lile. Pale Mikocheni msanii unaweza kumkuta amekaa juu ya kigoda akiwa na rangi mikononi, ukamsalimia, ukamuuliza.